Mashine ya Mkono Niliyoifuta Kabla ya Wakati

Siku mliponiaga pale karakana, baada ya soda, maandazi na hotuba ya mwenyekiti iliyokaribia kuwa ndefu kama utumishi wangu, mmoja wenu alinivuta kando akaniuliza swali. Zile mashine za injini za kumenyea kahawa, za visahani, za kwanza kwanza, zimechakaa, vipuri vyake vinatafutwa kwa tochi, na viwanda vingi vimeshanunua mpya. Je, tuache lini kuzihudumia? Nilimjibu kwa kucheka tu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa andazi. Sasa niko nyumbani Manga, migomba haina nati za kukazwa, na nina nafasi ya kujibu sawasawa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Niliingia karakana ya muungano wetu wa vyama vya kahawa, pale mjini Kisii, miaka michache kabla ya uhuru. Fundi mkuu alikuwa Mzee Salum, mzaliwa wa mji ule ule, ambaye baba yake alikuja kuuza nguo akasahau kurudi kwao. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kipande cha shaba, akaniambia nifumbe macho.

"Gusa. Umeona nini?"

"Sioni kitu, mzee. Nimefumba."

"Basi tumia vidole, mwanangu. Macho utayatumia siku ya mshahara."

Nilishinda siku nzima nikipapasa mabamba ya shaba kama kipofu sokoni, nikiyatenga mazima na yaliyoisha. Jioni alipanga upya nilivyotenga. Nilikuwa nimekosea karibu yote, naye alifurahi sana, kwa sababu alisema anayepatia siku ya kwanza hafundishiki.

Wengi wenu hamkuiona mashine ya mkono ikifanya kazi, kwa hiyo niieleze. Kuna silinda iliyovikwa bamba la shaba lenye nundu ndogo ndogo, safu kwa safu. Mmoja anazungusha mpini, mwingine anamimina kahawa mbivu na maji kwa juu. Nundu zinakamata tunda, zinalibana kwenye chuma cha pembeni, maganda yanakwenda huku na mbegu kule. Nundu zikiisha, matunda yanapita mazima. Zikiwa ndefu mno, zinang'ata mbegu. Na kahawa haina subira. Iliyochumwa leo inataka kumenywa leo, la sivyo itachacha ndani ya gunia, na kitakachobaki ni kuianika na maganda yake iuzwe kama mbuni kwa bei ya huruma.

Mabamba hayo tuliyatengeneza wenyewe. Tulikuwa na kalibu ya chuma, nzito kama ng'ombe aliyegoma, tunalaza shaba tambarare juu yake na kuigonga mpaka nundu zote zitokee. Mikono yangu ilijifunza kazi hiyo kabla ya kichwa, na niliipenda, nasema wazi. Hata leo nikisikia nyundo ikilia juu ya shaba, moyo unachangamka.

Baada ya uhuru watu walipanda kahawa hadi kwenye ukingo wa njia, na mashine za injini zikaanza kufika. Hapo ndipo karakana ilipogawanyika. Rafu ya kushoto ilikuwa ya mkono, rafu ya kulia ya injini, na kila kitu kikawa viwili viwili: vipuri, grisi, mafundi, hata majina ya nati. Meneja wetu, kijana msomi aliyetoka mbali, alichoka nayo mapema.

"Bwana Omwenga," aliniambia, "tukiendelea hivi tutakuwa tunatengeneza mashine za babu zetu mpaka tuwe babu. Tutoe tarehe. Baada ya tarehe hiyo, hakuna shaba ya mkono."

"Mashine haifi kwa tarehe," akasema Mzee Salum bila kuinua kichwa kutoka kwenye tupa yake.

"Inakufa kwa nini basi, mzee?"

"Inakufa siku mtumiaji wa mwisho akiiacha."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo gumu lake. Ukingoja wa mwisho aache, unamtumikia mmoja huku mia wakipanga foleni. Ukitoa tarehe, unamkata mtu mkono ukiwa mbali na damu yake. Wakakubaliana jambo moja tu: kwamba mimi niende nikahesabu. Nikapewa baiskeli na daftari, nizunguke viwanda vyote, niandike kila mashine ya mkono kama inatumika au haitumiki.

Kazi hiyo ilinifunza kwamba kuuliza hakufai. Kule Nyaramba, mwenyekiti wa kiwanda aliapa mbele yangu: "Hii tunatumia kila siku, fundi! Kila siku ya Mungu!" Kuku aliyekuwa ameatamia ndani ya faneli ya mashine akatutazama kwa mshangao. Kiwanda kingine upande wetu wa Manga walisema wameimenyea kahawa jana, na buibui alikuwa ameshafuma nyumba ya ghorofa kati ya mpini na ukuta. Hawakuwa waongo kwa tabia. Walijua kwamba kilichoandikwa hakitumiki kitachukuliwa, na mtu hapendi kunyang'anywa hata asichokihitaji. Ndipo nikajitungia sheria: usiulize, tazama mpini. Mpini unaoshikwa na viganja kila wiki unang'aa. Usioshikwa unaota kutu. Nilijivunia sheria hiyo nikawa naielezea hata kwa watu wasioniuliza.

Halafu nikafika Magwagwa.

Magwagwa ndiko alikotoka mke wangu, Kemunto. Nanyi vijana mnajua, au mnajifanya hamjui, kwamba kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe ya kukwepana. Humshiki mkono, humkazii macho, humkuti kazini na lesu imefungwa kiunoni na miguu matopeni. Mama mkwe wangu alikuwa wa kizamani hasa. Tangu nimwoe binti yake tulikuwa tukisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama majani yake. Neno likiwapo, linapita kwa mtu wa tatu. Nilimheshimu sana, na niseme ukweli, nilimwogopa zaidi ya hapo.

Kiwanda cha Magwagwa kiko bondeni karibu na kijito. Nilipoegemeza baiskeli kwenye ua wa juu, nilisikia sauti za akina mama chini, wakichambua kahawa na kucheka. Karani wa kiwanda, Mogaka, akapanda kunipokea.

"Karibu, fundi. Lakini mama mkwe wako yuko hapo chini na wamama wengine."

Miguu yangu ilisimama pale pale. "Ile mashine ya mkono," nikauliza, "bado iko?"

"Ah, hiyo ni ya zamani. Siku hizi tuko na injini!" Akanionyesha bomba la moshi kwa fahari, kama amelizaa yeye.

Nilitakiwa kuteremka hatua hamsini nikautazame mpini. Badala yake nilifungua daftari juu ya kiti cha baiskeli, nikaandika: Magwagwa, haitumiki. Nikapanda baiskeli, na nadhani hakuna mlima niliowahi kuupanda kwa kasi ile.

Niliporudi, Mzee Salum alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. "Mipini yote umeiona kwa macho yako?"

"Yote, mzee."

Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko yote niliyosema kazini, na niliwahi kumwambia mkaguzi wa hesabu mambo mengi. Daftari langu halikuwa na inayotumika hata moja, na kwa ushahidi huo meneja alitoa tarehe. Rafu ya kushoto ikabomolewa. Kalibu ya mkono ikauzwa pamoja na vyuma chakavu, ikaenda kuyeyushwa. Karakana ikapata nafasi ya kupumua na tukashangilia, mimi nikiwa mbele.

Msimu uliofuata, kahawa ilipoiva sana, Kemunto alikwenda kumwona mama yake siku ya Jumatatu. Alirudi Jumatano akiwa na kikapu, na hakunisalimu. Ndani ya kikapu mlikuwa na bamba la shaba, theluthi yake imechanika, nundu zilizobaki zimelala kama meno ya mzee.

"Mama amenituma," alisema. "Anauliza, mtu aliyeandika kwamba mashine yao haitumiki alikuwa amesimama wapi alipokuwa akiandika?"

Ndipo nilipoelewa, na nyinyi nisiwacheleweshe. Upande ule wa kijito watu wengi ni Wasabato. Jumamosi hawachumi. Wanachuma Jumapili tangu alfajiri, na siku hiyo mwendesha injini, Mkatoliki mwenzangu na msomaji wa kanisani, yuko kanisani kutwa na ufunguo wa injini uko mfukoni mwake. Kwa hiyo kahawa ya Jumapili yote ilimenywa kwa mkono na akina mama ishirini na kitu, mama mkwe wangu akiwa kiongozi wao, miaka mitatu mfululizo, bila kuja kwetu hata mara moja kwa sababu mashine yao haikuwahi kutusumbua. Mimi nilipita siku ya katikati ya wiki, injini ikinguruma. Shaba ilipochanika, Mogaka aliandika kuomba nyingine, akajibiwa kwa barua kwamba vipuri vya mkono vilikwisha kwa tarehe. Kahawa ikangoja foleni ya injini Jumatatu, na foleni siku hiyo ilifika barabarani. Zamu yao ilipofika Jumanne, magunia yalikuwa yakitoa mvuke na harufu. Jumapili nzima ya akina mama wale ikawa mbuni.

"Na Jumapili ijayo?" nikauliza.

"Ijayo ndiyo kubwa kuliko zote," Kemunto akasema. "Wengine wamebakiwa na mchumo huo tu. Karo ya watoto iko hapo, Baba Ogeto. Ikioza na hiyo, mimi kwa mama sitakwenda tena, na wewe ndiye utakayewaeleza watoto kwa nini."

Mtaniuliza, si ungekwenda ukawashe injini mwenyewe? Niliomba. Kamati ya kiwanda ilikataa: waliotuuzia walisema injini ikiguswa na asiyepita mafunzo yao, dhamana imekufa. Nami, fundi wa mashine za mkono, mafunzo hayo nilikuwa bado kupelekwa, na wenzangu wa rafu ya kulia walikuwa wametawanyika viwandani, msimu umepamba moto. Meneja alisoma barua yake mwenyewe mara mbili, akakuna kichwa, akaniruhusu nitumie shaba yoyote nitakayoipata. Nilipata bamba moja tambarare. Kalibu, kama nilivyosema, ilikuwa imekwisha kuwa sufuria za watu.

Nilimwendea Mzee Salum. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nikamwambia yote: ua, baiskeli, mama mkwe, hatua hamsini. Nilitegemea anifokee. Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

"Omwenga, mimi mama mkwe wangu nilimwogopa miaka ishirini. Lakini sikumwandika haitumiki!"

Akakunja mikono ya shati. Alisema kabla ya kalibu kulikuwa na tindo butu na mkono wa mtu, na tutarudi huko. Alhamisi tulinyoosha bamba la zamani juu ya lile jipya tukachora alama za nundu, tukaanza kugonga moja moja. Ijumaa adhuhuri akaniacha kwenda msikitini. Jumamosi Magwagwa hakuna mtu wa kufungua hata lango. Jumapili ilikuwa yangu ya misa. Wiki ina siku saba, na kwa kazi hii tatu zilikuwa na wenyewe. Nikaamua padre atanisikiliza baadaye, na Jumapili asubuhi nikafika Magwagwa, bamba mgongoni, theluthi mbili zimegongwa na theluthi moja tupu, maana pale lilipochanika hatukuwa na alama ya kufuata.

Safari hii niliteremka. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya magunia, wamenipa mgongo. Mpini wa mashine uling'aa kama kijiko. Mama mkwe wangu aliinuka, akavuta mkeka wa kuanikia kahawa, akautundika kwenye kamba kati yetu. Akaketi upande wake, nami upande wangu, na Mogaka akasimamishwa mwishoni mwa mkeka, mahali ambapo angetuona sote wawili na kujuta.

Nikapitisha bamba chini ya mkeka. Vidole vyake vikapita juu ya nundu, polepole, safu kwa safu. Halafu sauti:

"Mwambie huyo fundi safu ya tatu imelala."

"Fundi, safu ya tatu imelala," Mogaka akasema.

"Mwambie aliyesema, nimesikia."

"Amesikia, mama."

Tulikuwa Wagusii watatu tukisema Kigusii, umbali wa mkono mmoja, na Mogaka akawa mkalimani wa Kigusii kwenda Kigusii. Akina mama walianza kuguna, kisha kucheka, na kicheko kile kilinipa nguvu. Nikagonga, nikapitisha. Alichukua tunda bivu, akalisukuma kwa kiganja juu ya nundu, akasikiliza linavyopasuka. "Mwambie hizi ziko juu, zitang'ata mbegu." Nikazishusha. "Mwambie hapa zimeachana, tunda litapita katikati." Nikajaza. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa kalibu. Kila nundu ya bamba lile aliijua kwa miaka mitatu ya Jumapili, na mimi nilikuwa nimekwenda kuhesabu mashine nikamwacha nje ya hesabu.

Jua lilipopanda, wachumaji wakaanza kushuka na vikapu. Lundo la kahawa nyekundu likakua nyuma yetu, na jasho langu nalo. Ilibaki safu mbili tu aliposema jambo lisilohusu shaba.

"Mwambie Baba Ogeto, ile siku alifika hapo juu. Nilimwona. Kwa nini hakushuka?"

Mogaka akanitazama. Sikumngoja ahamishe maneno. "Mwambie ni heshima. Nilisikia yuko kazini, nikaona haya."

Upande wa pili wa mkeka vidole vilipapasa safu moja zaidi. Kisha akasema, bila hasira: "Mwambie heshima yake ningeipokea nyumbani. Hapa nilikuwa nataka shaba."

Mogaka alifungua mdomo kurudia. Nikamwambia anyamaze tu.

Saa sita tulilifunga bamba kwenye silinda, nikakaza nati za mwisho, na akina mama wawili wakashika mpini. Mbegu za kwanza zilitoka safi, nyeupe, zikiteleza na maji. Waliimba. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kidogo, kisha nikarudi kubeba madebe ya maji kama vibarua wengine. Mpaka alasiri lundo lote lilikuwa limemenywa, na mwendesha injini alipofika kesho yake alikuta hakuna kahawa ya Jumapili inayomngoja.

Jumatatu nilimwambia meneja ukweli wote. Alikuwa mtu mwema kuliko ulimi wake. Hakurudisha rafu ya kushoto, na nakubali hakupaswa. Tulifanya jambo jingine: tulitafuta ni kitu gani kinachowafunga wale akina mama kwenye mashine ya zamani, na halikuwa penzi la mashine. Ulikuwa ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja. Kamati ikakubali achaguliwe mwendesha injini wa pili, Msabato. Wakamchagua Moraa, mama kijana aliyekuwa na shule kidogo, akapelekwa mafunzoni pamoja nami. Alinishinda kwenye mtihani, jambo ambalo Kemunto hakuacha kunikumbusha. Wakati huo wote, misimu miwili, niliendelea kuwagongea Magwagwa shaba kwa tindo, bamba moja moja, kwa kiwanda kimoja tu. Meneja alilalamika kila mara na kutia sahihi kila mara.

Kisha Mogaka akaniletea ujumbe karakana: kuna mtu Magwagwa anataka fundi aje na daftari.

Nilikwenda Jumapili. Toka juu nilisikia injini ikienda, Moraa akiiongoza. Niliteremka hatua zote hamsini. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kando ya mashine ya mkono, lesu kiunoni, miguu matopeni, na hakusogea aliponiona. Mogaka, kwa mazoea, akajiweka katikati yetu na kusafisha koo.

"Wewe kaa pembeni," mama akamwambia. "Hili nitamwambia mwenyewe."

Hakunitazama mimi, aliitazama mashine. Lakini sauti ilikuja kwangu moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Tumemaliza nayo. Andika."

Nikaandika.